Gari si Letu

Hilal huendesha gari polepole. Naanza na hilo kwa sababu katika ofisi moja ya Ujerumani kuna karatasi inayosema kinyume chake, na aliyesababisha karatasi hiyo iandikwe ni mimi.

Kazi yake ni kuwachukua wagonjwa wa figo majumbani, kuwapeleka kusafishwa damu kwa mashine, kisha kuwarudisha. Gari ni la kampuni, jeupe, lina lifti nyuma ya kupandishia viti vya magurudumu. Huanza saa kumi na moja alfajiri, na wakati wa baridi huamka nusu saa kabla ili gari lipate joto kabla ya mgonjwa wa kwanza. Anajua kila nyumba ina ngazi ngapi na ni ngazi ipi hushika barafu. Kule Plymouth, kitongoji cha mji wetu wa Minneapolis, Marekani, kuna bibi mmoja wa Kizungu anayeishi peke yake. Hilal humfikisha mlangoni, hurudi garini, na haondoki mpaka aone taa ya jikoni imewaka. Nyuma ya kiti chake ameweka blanketi alilolinunua mwenyewe, kwa kuwa mtu akitoka kwenye mashine ile husikia baridi hata mwezi wa Julai.

Madereva wenzake wamempa jina la Konokono. Siku moja nilikuwa nimepanda gari la Hilal, na Lenny, kijana wa Nakuru anayeendesha gari jingine la kampuni hiyo, akatukuta kwenye maegesho.

"Konokono, umefika? Sisi tulisha-report umepotea."

"Wagonjwa wangu hawatapiki njiani," Hilal akamjibu. "Wako, je?"

"Wangu wanatapika, lakini wanafika."

"Basi wewe beba ndoo, mimi nibebe blanketi."

Huyo ndiye Hilal. Ana miaka thelathini na sita, anaishi Fridley na mamake, Saadia, kwenye jengo la ghorofa tatu ambalo ngazi zake hunuka vitunguu vya nchi nne. Babake alikuwa rafiki yangu. Tulikuja hapa miaka ya karibu na karibu, yeye kutoka Kibokoni, Mombasa, mimi kutoka mtaa wa pili, na tukapakia vipuri vya plastiki kwenye kiwanda kimoja hapo hapo Fridley mpaka moyo wake uliposimama siku ya kazi. Hilal alikuwa na miaka kumi na minne. Kwetu mtoto akifiwa na babake hakosi ami, na ami wa damu akiwa mbali, aliye karibu hushika nafasi. Nikaishika. Tangu hapo huniita Ami.

Wengine huniita Maalim, ingawa sijapata kufundisha hata darasa moja. Shule niliiacha darasa la saba. Nilichokijua baadaye nimekisoma mwenyewe, kwenye maktaba ya mtaani kwetu Phillips, ambako kiti changu karibu na dirisha kinajulikana. Nimesoma sheria kidogo, historia nyingi, na dini kadiri ya uwezo wangu. Mtu aliyejisomea ana ugonjwa wake: kwa kuwa hakuna aliyemsahihisha, hudhani hajakosea.

Ugonjwa wangu wa pili ni kuyalilia yaliyokwisha. Nimekaa katika mji huu miaka thelathini na moja, nimeona watoto wetu wakiulizwa kwa Kiswahili wakajibu kwa Kiingereza bila kuinua macho kwenye simu. Nimealikwa harusini kwa ujumbe ule ule uliotumwa kwa watu mia mbili, nikatakiwa kubonyeza ndiyo au la. Nimehudhuria matanga ambayo wafiwa ndio waliopika. Sisemi watu wamekuwa wabaya. Nasema wamesahau kwamba jambo lina namna ya kufanywa.

Kwa hiyo Hilal alipokuja kwangu kuniambia habari za Fathiya, nilikuwa tayari nimekasirika kabla hajamaliza.

Fathiya ni binti wa watu wa Lamu aliyekulia Cologne, Ujerumani, na anafanya kazi kwenye duka la dawa. Walionana Saint Paul kwenye harusi ya binamu yake, wakazungumza kwa simu miaka miwili, kila mmoja upande wake wa bahari.

"Twataka kuoana, Ami," Hilal aliniambia. "Babake nishaongea naye kidogo. Tulifanya video call."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamsalimia. Nikamwambia nina nia."

"Ulimwambia hivyo ukiwa umekaa wapi?"

"Kwenye van. Nilikuwa break."

Nikamwambia posa haipelekwi kwa simu, wala haipelekwi na mwenye haja. Kwetu kijana hukaa nyumbani akingoja, na wazee wawili wenye kanzu safi huenda kwa wazazi wa binti, hukaribishwa, hunywa kahawa, huzungumza ya dunia kwanza, kisha mmoja wao hulileta neno. Kijana hayupo. Kutokuwepo kwake ndiyo adabu yake, maana huonyesha kwamba nyuma yake wapo watu. Nikasema nitaipeleka mimi, kwa miguu yangu, mpaka Cologne. Hilal alinibusu mkono. Nadhani aliona jinsi jambo hilo lilivyonipa uhai.

Mzee wa pili angekuwa kaka yake Saadia, lakini wiki tatu kabla ya safari alifanyiwa upasuaji wa goti. Mimi macho yangu yana mtoto wa jicho, na daktari alikwisha kunikataza barabara kubwa. Ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu hutua Amsterdam, Uholanzi, na kutoka huko mpaka Cologne ni saa tatu kwa gari. Mjomba wake Fathiya, Aidarus, anaishi Utrecht, hapo hapo Uholanzi. Huyo ni mtu mkarimu ambaye hajawahi kuniona. Alipiga simu akasema gari lake la nyumbani litakuwepo, tulichukue.

"Si mupande treni?" Saadia aliuliza. "Treni ya huko yafika mpaka katikati ya mji."

Nilimjibu kwamba mzee aliyebeba posa hashuki kwenye treni akiburuta sanduku kama hamali. Ilibidi niendeshwe, na wa kuniendesha alikuwa mmoja tu: Hilal mwenyewe.

Hapo ndipo nilipotunga uongo. Nilimwambia Aidarus kwamba nitaendeshwa na rafiki yangu Mugisha. Mugisha ni mtu wa kweli. Ni Mnyarwanda, tulipakia maboksi pamoja miaka kumi, kisha akahamia Rotterdam kwa bintiye, na kila Idi hunipigia ingawa yeye ni Mkristo.

"Ami, kwani kuna ubaya gani wakijua ni mimi?" Hilal aliuliza.

"Ubaya ni kwamba mwenye haja haendi kujiombea."

"Lakini nitakuwepo."

"Utakuwepo. Hawatajua."

"Na nikiulizwa mimi ni nani?"

"Hutaulizwa."

Hakuna mtu yeyote kule Ulaya ambaye angecheka. Nimelifikiria hili mara nyingi sana. Wangesema, maskini, kijana amemleta mzee wake, na wangempenda zaidi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiogopa kuonekana sina mwenzangu wa kuleta posa ila mwenye haja mwenyewe.

Tulifika Utrecht asubuhi. Aidarus alikuwa kazini. Yeye hubeba maua kwa lori kutoka Uholanzi mpaka masoko ya Ujerumani, mara nne kwa wiki. Mkewe alinipa funguo mlangoni na kunisihi niingie ninywe chai. Nilikataa kwa maneno mazuri. Hilal alikuwa amejibanza nyuma ya kona kama mwizi wa kuku, kofia ya baridi imemfika nyusi.

Niliahidi kufika Cologne baada ya Laasiri, kabla ya Magharibi. Saa tulikuwa nazo za kutosha. Tulipovuka mpaka kuingia Ujerumani, mpaka wenyewe ukiwa ni kibao tu kando ya barabara, nikamwambia Hilal asimame kwenye kituo cha mafuta nibadilishe nguo. Nilivaa kanzu na koti langu la sherehe, nikatafuta kofia yangu ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, sikuiona. Tulipekua sanduku zima juu ya boneti. Hilal akasema, "Ami, enda bila kofia, si kitu." Nikamkemea. Kofia tuliikuta ndani ya mfuko wa viatu baada ya dakika arobaini.

Tulipoingia barabarani tena nilikuwa na hasira na saa. Kila nilipoiangalia ilikuwa imekwenda. Kisha tukakuta barabara inatengenezwa, njia zimebanwa, na vibao vinasema sitini. Hilal akashuka mpaka sitini kamili, kama ilivyo tabia yake. Magari yalikuwa yakitupita.

"Kanyaga," nikamwambia.

"Hapa sitini, Ami."

"Wale wanaopita, wao hawajui kusoma?"

"Wao kwao."

"Unataka nifike kwa watu jua limezama, kama mtu aliyekuja kudai?"

Akaongeza kidogo. Nikasema tena. Nilisema mara tatu, na mara ya tatu nilimtajia babake, kwamba lau angekuwa hai asingemwaibisha mzee njiani. Hilal akakanyaga. Tulikuwa tumepita mia moja pale mwanga mwekundu ulipomulika mbele yetu, mara moja, kama mtu aliyewasha kiberiti machoni mwetu.

Hilal akapunguza mwendo hapo hapo. "Tumepigwa picha."

"Wacha wapige," nikamwambia. "Gari si letu."

Nilimtazama kwa pembe ya jicho, nikaona masikio yake yamekuwa mekundu.

Tulifika kwa wakati. Hilal alinishusha kwenye kona, akaenda kuegesha mtaa wa nyuma. Posa niliipeleka vizuri, sitajinyima hilo. Babake Fathiya ni mtu mpole, fundi wa lifti, mwenye sauti ya chini. Tulizungumza habari za Lamu na za Mombasa, kisha nikalileta neno, nikalipanga kama nilivyofundishwa, na nikamwona mzee mwenzangu akisikiliza kwa raha, maana huko alikokaa hakuna aliyemletea maneno hayo miaka mingi.

"Na kijana mwenyewe hajambo?" akauliza.

"Hajambo. Yuko kazini, Minneapolis."

"Na aliyekuleta? Mbona hakuingia anywe kahawa?"

"Ni rafiki yangu, Mugisha. Mtu wa haya sana."

Aliitikia kwa kichwa. Akasema, kama ilivyo ada, kwamba wapewe muda waulizane, na jibu litakuja. Nilipoinuka kuondoka, mamake Fathiya alitoka jikoni na sinia lililofunikwa kwa karatasi ya fedha. "Mpelekee dereva wako," alisema. "Haifai mtu akae njaa mlangoni petu." Nikalibeba mpaka mtaa wa nyuma, nikampa Hilal, naye akala biriani ya mkwewe ndani ya gari la kuazima, kwa jina la Mugisha.

"Nzuri sana," alisema, akitazama mbele. "Sijui nani atawashukuru."

Wiki sita zikapita bila jibu. Kisha Aidarus akanipigia. Alinisalimia kwa urefu, akaniulizia macho, ndipo akasema kuna barua imekuja nyumbani kwake kutoka Ujerumani, imeandikwa kwa Kiholanzi ili aielewe. Gari lake limeonekana likienda kasi mahali pa matengenezo. Serikali ya kule imepata anwani yake kwa namba ya gari, kwa kuwa nchi hizo hupeana majina ya wenye magari, na sasa inamtaka aseme ni nani aliyekuwa akiendesha.

"Si kitu kikubwa, Maalim," alisema. "Wameleta na picha. Nakutumia uangalie, huyu ndiye Mugisha?"

Picha ikaja kwenye simu. Haikuwa safi, lakini mtu anayemjua Hilal asingekosea: kofia ya baridi, taya la babake, mikono miwili juu ya usukani kama mwanafunzi. Kando yake, mahali nilipokuwa nimekaa mimi, palikuwa na mraba mweusi. Nilisoma baadaye kwamba huko humfunika abiria kwa sababu hana kosa.

"Ndiye," nikamwambia Aidarus. "Ndiye Mugisha."

Nilikwenda maktaba siku iliyofuata na nikakaa mpaka walipofunga. Nilisoma kwamba Ujerumani humwadhibu aliyeendesha, si mwenye gari, ndiyo maana wanataka jina. Nilisoma kwamba ikipita miezi mitatu bila dereva kujulikana, kesi yake hufa. Nilisoma kwamba faini za namna hiyo huvuka mipaka ya Ulaya, kutoka nchi hadi nchi, lakini sikuona palipoandikwa kwamba huvuka bahari. Nikafurahi kama mtu aliyeokota fedha. Nikamwambia Hilal anyamaze tu, mambo yatajizima.

"Na mjomba Aidarus?"

"Atasema hajui."

"Lakini wewe ushamwambia. Umesema ni Mugisha."

"Hayo niachie mimi."

"Ami, yeye anavuka mpaka ule mara nne kwa wiki. Sisi bahari imetuficha. Yeye nani atamficha?"

Nikamwambia hajui sheria. Hilal alikunja kitambaa alichokuwa akifutia kioo, akakifungua, akakikunja tena. Akasema kwamba Fathiya amekuwa akimjibu kwa maneno machache, na kwamba anaogopa kitu kimeharibika kule. Nikamwambia ni ada, wanawaza. Nilijua anachokiomba: nimpigie Aidarus mimi mwenyewe niliyesema uongo, niufute, ili yeye Hilal ajue kama bado ana mchumba au hana. Sikupiga.

Aidarus akapiga mara ya pili. Akaniambia kwa upole kwamba kazi yake yote iko upande wa pili wa mpaka, na hataki jina lake libaki wazi kwenye makaratasi ya watu. Nikampa maneno ya kumtuliza. Mara ya tatu alisema siku za kujibu zinakaribia kwisha, akaniomba anwani ya Mugisha. Nilikuwa nayo kwenye daftari langu, kwa mwandiko wa Mugisha mwenyewe. Nikamsomea, mtaa, namba ya nyumba na ya simu. Nilijiambia kwamba Mugisha ni mzee, haendeshi tena, watamwona tu kuwa siye na jambo litaanguka lenyewe. Huwa nawalaumu vijana kwa kukosa haya. Nilimsomea mtu anwani ya rafiki yangu huku nimeshika kikombe cha chai, kisha nikainywa.

Alhamisi ya wiki hiyo Hilal alinipitia anipeleke kwa daktari wa macho, akaomba kwanza amngoje mgonjwa mmoja aliyekuwa akimaliza kwenye mashine. Tukawa tumekaa kwenye maegesho, theluji chafu imerundikwa pembeni. Akaniuliza habari za barua. Nikamwambia imekwisha, nimempa Aidarus anwani.

"Anwani ya nani?"

"Ya Mugisha."

Alizima redio. Kisha akachukua simu, akaiweka pale mbele yetu sote wawili tusikie, akapiga. Kwetu ilikuwa karibu na adhuhuri, kule jioni.

"Assalamu alaykum, mjomba. Ni Hilal, wa Minneapolis."

"Waalaykumu salaam. Hilal."

"Yule kwenye picha ni mimi, si Mugisha. Niliendesha mimi, kwenda na kurudi. Naomba uandike jina langu, na anwani nakutumia sasa hivi. Na leseni yangu."

Nilisikia mlango ukifungwa huko aliko.

"Uko na nani hapo?" akauliza.

Hilal akanitazama. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Hata kinywa nilikuwa nimekifungua.

"Niko kazini, mjomba," Hilal akasema. "Namngoja mgonjwa."

"Mbio zilikuwa za nini?"

"Nilichelewa. Kosa langu."

"Sikiliza, mwanangu. Barua ilipofika nilimtumia Fathiya picha kwa mzaha, nikamwambia tazama mtu aliyemleta mzee wa posa yako. Akaniambia mjomba, huyu ni Hilal. Tangu siku ya kwanza tunajua. Tukasema mzee ana sababu zake, ataeleza. Nikampigia mara tatu. Kila mara nilimfungulia mlango atoke, na kila mara aliurudisha."

Hilal alifunika uso kwa kiganja.

"Mugisha sikumwandika," Aidarus akaendelea. "Nilimpigia. Hana leseni tangu alipopata kiharusi. Aliniuliza Maalim hajambo, akasema nimsalimie. Shemeji yangu, babake Fathiya, alisema hatatoa jibu mpaka ajue kama na wewe ni mtu wa kuficha ukweli. Ulikuwa ukingoja nini?"

"Niliambiwa ninyamaze," Hilal akasema, kisha akajisahihisha haraka. "Nilinyamaza. Ningesema mapema."

"Haya. Nitumie hiyo anwani. Na ule chakula cha siku ile, kilikufikia?"

"Kilinifikia, mjomba. Nilikula chote."

"Dada yangu atafurahi," Aidarus akasema, na nikasikia sauti yake imelegea.

Mgonjwa akatoka, mzee mrefu Mmarekani mweusi, anatetemeka. Hilal alishuka, akamfunga blanketi, akampandisha kwa lifti, akamuulizia wajukuu. Njia nzima alizungumza naye. Mimi nilikaa mbele nikitazama barabara nisiyoiona vizuri.

Yaliyobaki yalikwenda kwa utaratibu. Aidarus aliandika jina la Hilal, nao Wajerumani wakamwandikia Hilal huko Fridley. Alilipa, na akakatazwa kuendesha gari nchini mwao kwa mwezi mmoja. Ningeweza kumwambia kwamba huku hakuna wa kumfuata akikataa. Sikuthubutu, na asingenisikiliza.

Saadia alikuja kwangu Phillips mwenyewe, siku ya Jumapili, na mahamri kwenye kitambaa. Hajawahi kuja bila kupiga simu. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Wamekubali," alisema.

"Alhamdulillahi."

"Nikaha ni mwezi wa sita, huko huko. Kaka yangu goti limepona, atakwenda." Alipanga mahamri upya, ingawa yalikuwa yamepangika. "Babake Fathiya ameomba kaka yangu ndiye awe msemaji wetu. Peke yake."

"Amesema kwa nini?"

"Hakusema sababu. Amesema wewe umri umekwenda, safari ni ndefu, hawataki kukuchosha."

"Alisema kwa heshima?"

"Kwa heshima kabisa, Maalim. Akakuombea dua na macho."

Nimeishi muda mrefu nikilalamika kwamba watu hawajui tena kusema jambo zito kwa adabu. Babake Fathiya anajua. Alinivua kazi niliyojipa maisha yangu yote, na hakuna neno hata moja ambalo ningeweza kumrudishia.

Nikaha ilikuja katikati ya mwezi ule wa kukatazwa, kwa hiyo bwana harusi alitoka Amsterdam kwa treni, yeye na mjomba wake, kaka yake Saadia, wakiburuta masanduku. Nilionyeshwa picha. Hilal amesimama kwenye jukwaa la stesheni amevaa joho, anacheka, na Wazungu wanampisha. Nilipomwona hamali yule mwenye furaha niligeuza simu kifudifudi.

Mugisha nilimpigia nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe Mzee, mimi ndiye wa kukimbiza gari? Mguu wangu naupandisha kitandani kwa mkono!" Alicheka tena, akasema amenisamehe, na tuzungumze habari nyingine. Laiti angenitukana.

Kwa babake Fathiya niliandika barua kwa mkono, kurasa mbili. Niliandika kwamba kofia yangu ndiyo iliyotuchelewesha, kwamba Hilal alikuwa kwenye sitini na hakutaka kuivuka, kwamba nilimwambia akanyage mara tatu na mara ya tatu nikamtumia jina la marehemu babake. Niliandika kwamba mtu aliyefunikwa kwa mraba mweusi kwenye ile picha ni mimi, na kwamba walipomfunika walikosea.

Anwani iliyokuwa juu ya bahasha ilikuwa ya Kijerumani, ndefu, na kwa macho yangu sikuwa na hakika nimeiandika sawa. Nikampa Hilal aikague aliporudi. Aliomba asome na barua. Alisoma akiwa amesimama, mara mbili, amevaa sare ya kazi na pete mpya kidoleni.

"Ami, hii haina haja. Wao washasahau."

"Hawajasahau. Wameacha kutaja."

Akafikiri. "Basi ongeza kwamba mguu ulikuwa wangu. Ningeweza kukataa."

Alinisogezea kalamu. Nikaikunja barua kama ilivyo, nikaitia ndani ya bahasha, nikailamba gundi mbele yake, nikamwomba anipeleke posta.